Herufi Moja Ilivyotaka Kuivunja Nyumba Yetu

Vita vya nyumba yetu vilianza na kadi tatu za kundi la damu: ya kaka yangu, ya mkewe, na ya mtoto wao ambaye alikuwa hajatimiza mwaka. Ya kaka iliandikwa B. Ya wifi, A. Ya mtoto, O. Mjomba alizisoma kwenye varanda ya hospitali, akazisoma tena, kisha akamwita kaka pembeni. Mjomba hakuumbiwa kunong'ona. "B na A," alisema, na varanda nzima ikasikia, "hawazai O."

Wakati huo mtoto alikuwa wodini, ametundikiwa damu ya mtu mwingine, na mama yake ameushika mguu wake uliovimba, hajui kinachosemwa nje.

Sisi ni watu wa Ngamiani, Tanga. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati. Baba na mama wanalala upande wa barabarani, kaka na mkewe upande wa pili, mimi na wanangu karibu na mlango wa uani. Tunapika chungu kimoja. Kwa hiyo mtoto wa kaka alipovimba viganja na nyayo, nyumba nzima ilimuuguza. Mama alimkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Mjomba, kaka yake mama, alisema ni kijicho, akaleta hirizi ikafungwa kiunoni. Jirani alisema ni mchango. Mtoto alilia usiku kucha, kilio kisichotulizwa kwa ziwa wala kwa kubebwa. Wifi ndiye aliyeona macho yamegeuka manjano. Hakumuuliza mtu. Alijifunga kanga, akambeba mtoto, akapanda bodaboda akaenda zake hospitali. Namshukuru mpaka leo kwa kutotuuliza.

Daktari alisema damu imepungua sana, lazima aongezwe. Kabla ya kumtundikia walimtoa yake kidogo wakaipeleka maabara, kwa sababu damu ya mchangiaji ikishaingia mwilini, kipimo kinasoma watu wawili kwa pamoja. Ndugu tukaambiwa tujitolee kufidia chupa iliyotumika. Kaka akatoa. Mimi nikatoa. Mjomba alikuja kusimamia. Ndipo zikaja zile kadi.

Jioni kaka alirudi nyumbani, akatoa godoro chumbani, akalitandika ukumbini. Mama hakuuliza kitu. Mjomba alikuwa ameshamweleza. Aliwasha jiko la pili uani, akazitenga sufuria za wifi upande wa bomba, akasema kuanzia leo mkamwana atajipikia. Wali wa nazi uliokuwa umepaliwa makaa uliungua mpaka juu, maana kila mtu alikuwa anasema na hakuna aliyekuwa anapika. Chakula cha hospitali hakikupelekwa. Nilikoroga uji nikaupeleka mimi. Wifi akaniuliza, "Kaka yako yuko wapi?" Nikamwambia anakuja. Kisha nikarudi nyumbani kuhakikisha kwamba anakwenda.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi habari za makundi ya damu, nao wanazikariri kwa ajili ya mtihani. Usiku ule ndoa ya kaka yangu ilikuwa inategemea ukurasa huo mmoja, na aliyeushika vibaya alikuwa ndiye anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Mama," nilisema, "naomba kadi yako ya kliniki, ile ya mimba ya kaka."

Mama hatupi karatasi. Chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati lenye hati ya kiwanja, picha za harusi na kadi zetu zote za chanjo. Tukafungua, tukachakura, kadi ikapatikana, imekuwa njano. Kundi la damu: O.

Nikawakalisha wote ukumbini, kando ya godoro la kaka. Kila mtu, niliwaambia, ana jeni ya kundi la damu katika nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 9, nayo ni maagizo ya kutengeneza kimeng'enya kinachobandika sukari juu ya chembe nyekundu za damu. Nakala ya A inabandika sukari ya aina moja. Nakala ya B inabandika ya aina nyingine. Nakala ya O haibandiki kitu. Mwenye nakala moja ya B na moja ya O, maabara itamwandika B, kwa sababu O haina cha kuonyesha. Ipo, imenyamaza. Ili mtu aandikwe O ni lazima nakala zake zote mbili ziwe O.

"Mama wewe ni O. Watoto wako wote umewapa O, kwa sababu huna nyingine ya kuwapa. Kaka ni B. Hiyo B kaitoa kwa baba, na nakala yake ya pili ni O yako. Wifi anaonyesha A, na nyuma ya A yake kuna O. Kaka katoa O, wifi katoa O, mtoto kawa O. Na O aliyopewa na kaka, mama, ni ile ile iliyotoka kwako. Haina pengine pa kutoka."

Mama alimtazama kaka, akamtazama mjomba. Mjomba alisema karatasi haziaminiki, twende Dar es Salaam kwa Mkemia Mkuu wa Serikali vinasaba vipimwe, ukweli ujulikane. Nilimjibu kwamba kipimo hicho kipo na ni cha kweli, lakini mtu hapimwi kwa sababu jamaa zake hawakusoma kadi vizuri. Kadi zile zilikuwa zinakubaliana tangu mwanzo. Baba, ambaye tangu jioni alikuwa kimya, akamwambia kaka, "Umesikia. Vaa viatu."

Kaka alipotoka na bakuli la chakula, mwanangu mdogo akauliza swali ambalo wakubwa hawakuliuliza: kwa nini O haibandiki? Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika kwenye sakafu ya uani:

UJE ULE KAA

Watoto wa Tanga wanawajua kaa, kwa hiyo mwaliko ulieleweka mara moja. Nikawaambia mwili unasoma hivi hivi, herufi tatu tatu. Maandishi ya DNA yana herufi nne tu, ambazo wanasayansi wanaziandika A, T, G na C. Seti moja ya binadamu ina herufi kama bilioni 3, zimegawanywa katika kromosomu 23, na kila mtu ana seti mbili, moja ya kila mzazi. Ndani ya seti hiyo kuna jeni zipatazo 20,000 zinazoagiza protini. Chembe hai inapotaka protini fulani, inanakili jeni yake katika RNA, halafu nakala hiyo inapita kwenye ribosomu na kusomwa bila kuruka hata herufi. Kila herufi tatu zinataja asidi amino moja ya kuunganishwa kwenye mnyororo. Herufi nne zikipangwa tatu tatu zinatoa mafungu 64. Kati ya hayo, 61 yanataja asidi amino 20, na matatu yaliyobaki yanasema: simama hapa. Fungu la kwanza kabisa kufahamika lilitoka maabara ya Bethesda, Marekani, mwaka 1961. Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitengeneza RNA yenye herufi U peke yake, ambayo katika RNA inashika nafasi ya T, wakapata mnyororo wa asidi amino moja tu, fenilalanini. Kufikia mwaka 1966 jedwali zima la mafungu hayo 64 lilikuwa limejazwa.

"Sasa," niliwaambia watoto, "J imepotea." Nikaifuta kwa kidole. Hakuna nafasi ya wazi inayobaki, kwa sababu msomaji wa mwilini hajui nafasi. Anahesabu tatu na kusonga mbele. Ikawa:

UEU LEK AA

"Haisomeki!" walipiga kelele wote. Ndivyo ilivyo kwa O ya kawaida. Ni jeni ya A iliyopoteza herufi moja tu, G. Kuanzia hapo mafungu yote yanasogea, ribosomu inaunganisha asidi amino zisizotakiwa, na baada ya muda mfupi inakutana na fungu la kusimama kabla ya wakati. Kimeng'enya kinatoka kimekatika, hakiwezi kubandika sukari. Mwenye O haumwi kwa sababu hiyo. Karl Landsteiner alitangaza makundi haya ya damu huko Vienna mwaka 1901, lakini herufi iliyopotea ilionekana mwaka 1990 tu.

Mkubwa wangu akauliza kama mbuzi naye anasomwa tatu tatu. Naam, na mbuzi, na mnazi, na vijidudu vya bakteria. Karibu viumbe vyote vinatumia jedwali hilo hilo. Nikamwonyesha friji, ambamo baba anaweka insulini yake ya kisukari. Mwaka 1978 wanasayansi waliwapa bakteria jeni ya insulini ya binadamu, wale bakteria wakaisoma kama tunavyoisoma sisi, na mwaka 1982 dawa hiyo ikaruhusiwa kutumika. Babu yao anaishi kwa sababu jedwali ni moja. Hilo ni jambo ambalo mimi, kwa miaka yote ya kufundisha, sijalizoea.

Kaka alilala hospitali usiku ule. Asubuhi mama alilizima jiko la pili. Nilidhani tumemaliza.

Kisha yakatoka majibu ya ile damu ya kwanza, iliyotolewa kabla ya chupa. Yaliandikwa SS. Daktari alituita akasema kwa upole: mtoto ana siko seli, ule ugonjwa ambao vitabu vyetu vinauita selimundu.

Tulirudi nyumbani na mtoto na mfuko wa dawa, na kabla magharibi haijaingia midomo ilikuwa imegeuka. Waliosema juzi kwamba mtoto si wetu, leo walisema ni wetu kabisa, ila mama yake ndiye aliyetuletea ugonjwa. Wifi ni mtu wa Musoma. "Kwetu pwani hakuna," mama alisema, mbele yake. "Haya ni ya huko ziwani." Mjomba akaongeza kwamba nyumba ina haki ya kurudisha mke mwenye kasoro. Wifi alikuwa ameshasikia kwa majirani habari za varanda na habari za jiko la pili. Hakujibu. Alizikunja nguo za mtoto, akatia dawa kwenye mkoba, akaenda kwa shangazi yake Chumbageni. Mlangoni alinishika mkono, akasema, "Wifi, mimi sichoki kuuguza. Nimechoka kushtakiwa."

Nilimkuta kaka barazani. Alikuwa anataka kuelewa, na nilimweleza taratibu, maana hapa ndipo penye uzito wote.

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Chembe moja ina himoglobini zipatazo milioni 270. Kila himoglobini imeundwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya 11. Mahali pa sita katika mnyororo huo, maandishi ya watu wengi yanasema GAG, na GAG inaagiza asidi ya glutamiki. Kwenye nakala ya S, herufi ya katikati imebadilika: GTG. Fungu hilo linaagiza valini. Hakuna herufi iliyopotea, hakuna fungu lililosogea, mnyororo unasomwa mpaka mwisho bila taabu. Nikamkumbusha kaa wa uani. Geuza L moja iwe U, na UJE ULE KAA inakuwa UJE UUE KAA. Sentensi ni sahihi, inasomeka vizuri, na aliyealikwa kula anafika na rungu.

Kama ingebadilika herufi ya tatu badala ya ile ya katikati, GAG ikawa GAA, kusingetokea lolote, kwa sababu GAA nayo inaagiza glutamiki ile ile. Jedwali lina marudio mengi ya namna hiyo. Herufi nyingi zinabadilika katika miili yetu bila kudhuru. Hii ya S imeangukia mahali pabaya. Asidi ya glutamiki ina chaji na inapatana na maji. Valini inayakwepa maji. Himoglobini ya S ikishaachia oksijeni yake, ile valini inajichomeka kwenye himoglobini ya jirani, na hiyo kwenye nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu. Chembe iliyotakiwa kuwa laini na kupenya mishipa myembamba inapinda umbo la mundu na kukwama. Mfupa unakosa oksijeni. Hayo ndiyo maumivu aliyolia mtoto usiku kucha, na ndiyo yaliyovimbisha viganja na nyayo, uvimbe ambao kwa watoto wachanga mara nyingi ndio dalili ya kwanza. Chembe nyekundu ya kawaida inaishi siku zipatazo 120. Hizi zinaishi kati ya 10 na 20. Kwa hiyo damu inapungua, na mabaki ya chembe zilizovunjika yanayafanya macho yawe manjano.

"Lakini alizaliwa mzima," kaka alisema. "Miezi mitano alikuwa anacheka tu."

Alikuwa mzima kwa sababu mtoto wa tumboni anatumia himoglobini nyingine, inayosomwa kutoka jeni nyingine, isiyo na S. Baada ya kuzaliwa mwili unaizima jeni ile kidogo kidogo na kuiwasha ya beta. Ugonjwa unaanza kuonekana pale himoglobini ya utotoni inapopungua, mara nyingi baada ya mwezi wa tano au wa sita. Ni wakati huo huo mtoto anapoanza kukaa na kupelekwa kwa watu, na ndiyo maana jirani aliyemsifu mtoto wiki iliyopita ndiye anayeshikwa uchawi. Nina hakika urafiki mwingi umekufa hivyo katika mitaa yetu.

Ugonjwa huu si wa jana. Daktari James Herrick wa Chicago aliandika mwaka 1910 juu ya kijana kutoka Grenada ambaye chembe zake zilionekana kwenye hadubini zimepinda. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko kwenye himoglobini yenyewe, na mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaona kwamba tofauti nzima ni asidi amino moja. Lakini mtu ambaye nilitaka mama amsikie ni Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, alizunguka Kenya akipima damu. Aliwakuta wabebaji wa S wengi sana pembezoni mwa Ziwa Viktoria, na wengi sana pwani. Nyanda za juu walikuwa wachache. Ziwa na pwani zinafanana kwa jambo moja kubwa, mbu wa malaria. Mwaka 1954 Allison alichapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja ya S na moja ya kawaida, yaani AS (A hii ni ya himoglobini ya kawaida, si ya kundi la damu), anakingwa dhidi ya malaria kali. Katika nchi ya malaria watoto wengi wa AA walikufa kwa homa, watoto wa SS walikufa kwa siko seli, na watoto wa AS ndio waliobaki kwa wingi wakazaa. Herufi ile ilibaki kwetu kwa sababu iliwaokoa babu zetu, wa Musoma na wa Tanga pia.

Kaka alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo na mimi ninayo?"

"Mtoto ana S mbili, kaka. Mama yake hawezi kumpa zote mbili."

Aliyetoa amri alikuwa baba. Kesho yake alfajiri alisimama ukumbini na kanzu yake akasema, "Tutapimwa wote." Akakodi Noah, tukapakiana, mama mbele, mjomba nyuma ananung'unika. Wifi alitukuta hospitali, alikaa benchi la peke yake na mtoto. Niliomba kipimo cha elektroforesi ya himoglobini, maana kile cha haraka cha kuona kama chembe zinapinda hakitenganishi AS na SS, na kundi la damu halisemi lolote kuhusu siko seli. Wengi wanachanganya. Mtu anaulizwa kama ana siko seli, anajibu kwa kiburi kwamba yeye ni O chanya.

Majibu yalipotoka, daktari alisoma. Wifi, AS. Kaka, AS. Mimi, AS; wanangu nimewapima baadaye, mmoja amerithi nakala yangu ya S na mwingine hapana. Mjomba, AA, na alifurahi waziwazi. Baba, AS.

Mama, AS.

Daktari alieleza kwamba wazazi wawili wa AS, kila mimba wanayoipata ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa SS, mbili za AS, moja ya AA. Ni kila mimba upya. Mtoto mmoja mgonjwa hawakingi wanaofuata, na watoto watatu wazima hawamhukumu wa nne. Mama alikuwa anasikiliza, mkono umeshika mdomo. Kabla yangu na kabla ya kaka alizaa wawili ambao hawakufikisha miaka mitatu. Tuliambiwa walikufa kwa degedege. "Walivimba mikono," mama alisema. "Wote wawili. Walivimba mikono kama huyu." Kwa vifo vile alimtuhumu shangazi yetu, dada yake baba, kwamba amewala watoto. Hakusema naye tena mpaka shangazi akafariki. Baba alikuwa anayajua hayo yote, amekaa kati ya mke na dada miaka yote, na pale hospitali alilia kwa sauti. Sikuwahi kumwona baba akilia.

Mama alikwenda benchi alipokaa wifi, akamwomba arudi nyumbani. Wifi hakukubali papo hapo, na alifanya vizuri. Alisema alishtakiwa mbele za watu, basi asafishwe mbele za watu. Kikao kikaitishwa uani kwetu, wakaja wa Chumbageni na majirani, na mjomba akasimama akasema kwamba alichosema kuhusu kadi za damu si kweli, na alichosema kuhusu mke mwenye kasoro si kweli, kwa kuwa herufi hiyo iko katika ukoo wetu kama ilivyo katika ukoo wa mkamwana. Ilimpasa kusema, akasema. Wifi akarudi na sufuria zake zikarudishwa mahali pake.

Mtoto sasa anatembea. Anapewa penisilini kila siku mpaka atakapotimiza miaka mitano, kwa sababu siko seli inaiharibu bandama na kumwacha wazi kwa maambukizi. Anapewa asidi ya foliki, analala ndani ya chandarua, anakunywa maji mengi, haachwi kwenye baridi. Anatumia pia haidroksiyurea, dawa ambayo kazi yake mojawapo ni kuiamsha ile himoglobini ya utotoni iliyozimwa. Maumivu yamepungua sana. Mwisho wa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayoikata DNA ya mgonjwa mahali maalumu ili himoglobini hiyo hiyo iwake tena. Nchini Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nafurahi kwamba ipo. Lakini Tanzania iko kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na siko seli, takribani 11,000 kwa mwaka kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi. Watoto hawa wanahitaji vitu vya karibu zaidi: kupimwa wanapozaliwa, penisilini, na haidroksiyurea inayopatikana katika duka la dawa la wilayani kwao.

Kaka na wifi wanataka mtoto wa pili. Wamekwenda kuongea na daktari wote wawili, wanajua nafasi zao, na uamuzi ni wao. Nyumba imekatazwa kuchangia.

Wewe unayesoma, kama unaoa au unaolewa, nendeni wawili mkaombe elektroforesi ya himoglobini kabla ya kupanga siku ya harusi. Na kama nyumbani kwenu kuna mtoto mchanga aliyevimba viganja na nyayo, mpelekeni hospitali leo, baba yake aende naye, na damu ya baba ichukuliwe siku hiyo hiyo pamoja na ya mama.